Mtego wa shimo, chekecheke, kizuizi au mkono: njia ipi ya kumtafuta mbawakawa mgeni msituni?

Anayetaka kuchora ramani ya mbawakawa mgeni msituni hukwama mapema, kabla hata hajashika sepetu. Njia za kumkamata ni nyingi, fedha zinatosha moja au mbili, na majira ya kazi ni miezi michache tu. Akichagua vibaya, atamaliza msimu akiwa na vichupa vilivyojaa wadudu wengine, na ramani yenye sifuri asizoweza kuzieleza. Hapa tunazilinganisha njia nne zinazotumika zaidi, ili kila mtu achague kwa kuangalia swali lake na mfuko wake.

Mfano tutakaoutumia ni mbawakawa wakubwa wa jenasi Ocypus na Tasgius, wa familia ya Staphylinidae. Familia hiyo ni kubwa mno. Spishi zaidi ya 60,000 zimeshapewa majina. Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua ndugu yao mmoja, yule mdudu mwekundu na mweusi wa jenasi Paederus ambaye Kenya huitwa Nairobi fly, na ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge. Umbo ni lilelile: mwili mrefu, mabawa ya mbele magumu na mafupi yanayoacha fumbatio karibu lote wazi, na mbio ardhini. Ila Ocypus na Tasgius ni wakubwa zaidi, wengi wao weusi, na wale tunaowazungumzia hapa huwa na urefu wa milimita 12 hadi 20 hivi. Ocypus olens, aliyefika pwani ya magharibi ya Marekani, hupita hata milimita 25.

Asili yao ni Ulaya. Leo baadhi yao wanaishi katika misitu ya kaskazini mashariki ya Marekani na mashariki ya Kanada. Mwaka 1987 Alfred Newton alichapisha taarifa ya spishi nne za kundi hili ambazo hazikuwa zimeripotiwa Amerika Kaskazini, na mwaka 2011 Adam Brunke na wenzake wakatoa ufunguo wa kuwatambua wale wa mashariki ya Kanada na majimbo jirani ya Marekani. Kuhusu njia waliyojia wadudu wa Ulaya wa namna hii, kazi ya Carl Lindroth ya mwaka 1957 bado ni ya msingi: alionyesha jinsi merikebu zilivyobeba udongo na mawe ya farumi kutoka bandari za Uingereza na kuyamwaga upande wa pili wa Atlantiki, pamoja na wadudu waliojificha humo. Mimea ya vitalu iliyosafirishwa na udongo wake ni mlango mwingine.

Vigezo kwanza

Kila njia tutaipima kwa mambo matano yaleyale: inamnasa nani, inasema nini kuhusu makazi, vifaa na kazi, kinachoharibika, na inamfaa nani.

La pili ndilo wengi hulipita haraka, nalo ndilo linaloharibu ramani. Kumpata mdudu ni jambo moja; kujua anaishi wapi ni jingine. Na sifuri ya kila njia ina maana yake. Kikombe kitupu cha mtego wa shimo, kilichozikwa ardhini, kinasema hakuna aliyepita hapo kwa wiki mbili. Chekecheke tupu linasema hakuwemo katika mita moja ya mraba iliyochukuliwa siku ile. Ukiziweka sifuri hizi mbili kwenye ramani moja kwa alama ileile, umechanganya mambo mawili yasiyolingana.

Tuchukulie kwamba mahali anapoishi mdudu, seti moja ya mitego ina nafasi 20 kwa 100 ya kumnasa katika zamu moja, yaani kipindi kimoja cha kutega. Ukiweka zamu moja ukakosa, hujajua kitu. Ukiweka zamu 5, nafasi ya kumnasa angalau mara moja inafika 67 kwa 100. Zamu 10, 89 kwa 100. Zamu 14, inapita 95. Hesabu yenyewe ni rahisi: zidisha 0.8 kwa yenyewe mara idadi ya zamu, kisha toa jibu kwenye 1. Kabla ya kuandika "hayupo" kwenye ramani, fanya hesabu hiyo kwa njia unayotumia.

1. Mtego wa shimo

*Inamnasa nani.* Chochote kinachotembea juu ya ardhi na kisichoweza kupanda ukuta laini. Ocypus na Tasgius ni wawindaji wakimbiaji, wengi wao wa usiku, wanaokula wadudu wengine na viumbe laini wa ardhini. Tabia hiyo ndiyo inayowaangusha kikombeni, na kwa wakubwa hawa hakuna njia nyingine inayofanya kazi usiku na mchana bila mtu kuwepo. Wale wa milimita 3 au 4 wanaoishi ndani ya tabaka la majani huanguka pia, lakini si kwa uwiano wa wingi wao.

*Inasema nini kuhusu makazi.* Inasema mdudu alipita hapo, ndani ya mita chache za kikombe. Hilo ni zuri. Ila idadi ya kikombeni hutokana na mambo mawili kwa pamoja: wapo wangapi, na wanatembea kiasi gani. Usiku wa joto huongeza mwendo, usiku wa baridi huupunguza. Tabaka nene la majani humchelewesha mdudu, ardhi tupu humwachia akimbie. Katika misitu ya kaskazini mashariki ya Amerika jambo hili lina uzito wa pekee. Maeneo yaliyofunikwa na barafu zamani hayakuwa na nyungunyungu wake wa asili. Nyungunyungu wa Ulaya walioletwa baadaye, kama Lumbricus terrestris, wanayala majani yaliyoanguka chini ya miti ya mimepo ya sukari (maple, Acer saccharum) hadi udongo unabaki wazi. Ukiweka vikombe katika msitu ulioliwa na nyungunyungu na mwingine ambao haujaliwa, vikombe vya msitu wa kwanza vinaweza kujaa zaidi kwa sababu tu wadudu wanakimbia vizuri. Kwa hiyo kila unapotega, pima unene wa majani kwa rula sehemu tano kuzunguka kikombe, uandike. Bila namba hiyo, ulinganisho wa makazi kwa mitego ya shimo hauna msingi.

*Vifaa na kazi.* Vikombe viwili vya plastiki vinavyoingiliana, vyenye mdomo wa sentimita 10 hivi na kina cha sentimita 12 au zaidi. Cha nje hutobolewa matundu chini, kikabaki ardhini msimu mzima. Cha ndani ndicho kinachoinuliwa na kumwagwa. Chimba, tia kikombe, kisha shindilia udongo pembeni mpaka ukingo uwe sawa na ardhi au chini yake kwa milimita 1 au 2. Hapa ndipo kazi inapopatia au kuharibika. Ukingo ukichomoza hata milimita 5, mbawakawa huufuata kwa pembeni na kuuzunguka. Pitisha kidole kutoka kwenye udongo kuingia kikombeni. Kikigonga ukingo popote, ongeza udongo.

Mimina propileni glaikoli, kimiminika cha kuhifadhi wadudu, kina cha sentimita 3, na tone moja la sabuni ya maji isiyo na manukato ili mdudu azame badala ya kuelea. Ikiwa hakuna haja ya DNA, unaweza kuizimua nusu kwa nusu na maji. Ikiwa DNA inahitajika, itie bila kuizimua na uibadilishe mapema. Weka kipaa cha mbao au plastiki ngumu cha sentimita 15 kwa 15 juu ya misumari mirefu, kikiwa sentimita 3 juu ya kikombe. Vikombe vitano kwa mstari, mita 10 kati ya kimoja na kingine, ni seti inayotosha kwa kituo kimoja. Vifunike kwa wiki ya kwanza baada ya kuchimba, maana udongo uliotibuliwa huvuta wadudu na kuzidisha idadi ya siku za mwanzo. Kisha kusanya kila baada ya siku 14, au 7 wakati wa joto.

*Kinachoharibika.* Mafuriko ya mvua, kwanza. Pili, rakuni, ambaye akishajua mstari wako hurudi kila usiku kung'oa vikombe; kipande cha wavu wa waya kilichopigiliwa kwa vigingi juu ya kipaa husaidia. Tatu, wanyama wasiohusika: salamanda na virukanjia huanguka na kufa. Wavu wenye matundu ya milimita 15 mdomoni mwa kikombe huwazuia baadhi yao, na Ocypus hupita bila shida. Nne, na hili ni la kukatazwa kabisa: watu hutumia kimiminika cha rejeta ya gari chenye ethileni glaikoli kwa sababu ni rahisi kukipata. Kina utamu, wanyama hukinywa, na kinaua figo. Usikitumie msituni.

Vikombe vilivyoharibika vinapunguza jitihada yako, na lazima vitolewe kwenye hesabu. Vikombe 10 kwa siku 14 ni siku-mtego 140. Vitatu viking'olewa kwa siku 7, zimebaki 119. Andika 119.

*Inamfaa nani.* Mwenye vituo vingi, msimu mmoja, kibali cha kuua wadudu, na swali la "yupo wapi" kuhusu mbawakawa wakubwa. Pia anayetaka kujua wanatembea miezi gani.

2. Kuchekecha tabaka la majani

*Inamnasa nani.* Wadogo na waliotulia: wale wa milimita 2 hadi 6 wanaojaa kwenye majani yanayooza, na lava (mabuu) wa aina zote. Mfano mzuri wa mgeni mdogo ni Tachinus corticinus, naye wa Ulaya, aliyeenea mashariki ya Kanada. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4. Ocypus mkubwa hukimbia unapoanza kukusanya majani, na hata akibaki, wingi wake kwa mita ya mraba ni mdogo kiasi kwamba utachekecha mita nyingi kabla ya kumpata.

*Inasema nini kuhusu makazi.* Hapa chekecheke linashinda mtego wa shimo. Umechukua eneo linalojulikana, kwa hiyo unapata idadi kwa mita ya mraba bila kuingiliwa na mwendo wa mdudu. Unajua kama majani yalikuwa ya mmepo au sindano za Tsuga (mti wa jamii ya misonobari), yalikuwa mabichi au makavu, chini ya gogo au bondeni. Na lava akipatikana, umethibitisha kwamba mdudu anazaliana hapo. Mbawakawa mzima kwenye kikombe anaweza kuwa mpita njia kutoka bustani ya jirani. Lava si mpita njia. Kwa spishi ngeni tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama msitu umeingiliwa kweli.

*Vifaa na kazi.* Fremu ya mita 1 kwa 1, chekecheke lenye matundu ya milimita 8 hadi 10, mfuko wa kitambaa, na mifuko ya Winkler au faneli ya Berlese. Weka fremu kwa ghafla, kusanya haraka kuanzia pembeni kuja katikati, hadi ufikie udongo wenyewe ulio chini ya majani. Kabla ya kuchekecha, mwaga majani juu ya shuka jeupe uokote wakubwa kwa mkono, maana baadhi hubaki juu ya chekecheke na kutupwa na majani.

Mifuko ya Winkler haihitaji umeme: inatundikwa mahali pakavu kwa saa 48 hadi 72, wadudu wanashuka wenyewe kwenye chupa ya alkoholi. Berlese hutumia balbu ya wati 25 hadi 40 juu ya faneli na huchukua siku 3 hadi 7. Kwa DNA tumia ethanoli ya asilimia 95.

*Kinachoharibika.* Majani yaliyolowa. Katika Winkler wadudu hubaki kwenye unyevu hawashuki. Katika Berlese mvuke hutanda kwenye kuta za faneli na wadogo hunata humo. Balbu kali hukausha juu haraka mno, na lava, ambao ni laini na wazito kusogea, hufa kabla ya kufika chini. Subiri siku mbili baada ya mvua kubwa. Katika msitu ulioliwa na nyungunyungu huenda usipate majani ya kutosha kuchekecha baada ya Juni. Hapo chekecha mabaki yanayooza kando ya magogo yaliyoanguka na andika kwamba umebadilisha mahali pa kuchukulia sampuli.

Tatizo jingine ni utambuzi. Lava wa mbawakawa hawa ni wachache wanaoweza kutajwa jina kwa macho, hivyo bajeti ya DNA iwepo tangu mwanzo. Mfumo wa kutambua spishi kwa kusoma kipande kifupi cha jeni ya COI uliopendekezwa na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph mwaka 2003 ndio unaotumika zaidi, na hifadhidata yake ina sampuli nyingi za mbawakawa wa Kanada.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la makazi na uzazi, vituo vichache, mikono ya kutosha, na chumba cha kutundika mifuko.

3. Mtego wa kizuizi na faneli za kutundika

*Inamnasa nani.* Warukao. Wadogo wengi wa Staphylinidae huruka vizuri jioni na siku za joto, na mtego huu huwanasa kwa wingi kuliko njia nyingine yoyote iliyotajwa hapa. Kwa Ocypus ni dhaifu: baadhi ya spishi zake zina mabawa ya nyuma yaliyofupika zisizoweza kuruka, na hata wenye mabawa kamili hutumia miguu zaidi. Sifuri ya mtego huu kwa mbawakawa asiyeruka haina maana yoyote, na haifai kuingizwa kwenye ramani.

*Inasema nini kuhusu makazi.* Kidogo. Mdudu aliyegonga kizuizi huenda ametoka mbali, na huenda alikuwa akivuka msitu tu kwenda mahali pengine. Kwa sababu hiyohiyo mtego wa taa haumo kabisa katika ulinganisho huu: mwanga huwavuta wadudu kutoka walipokuwa, na habari ya makazi hupotea.

*Vifaa na kazi.* Kioo cha plastiki ngumu, au wavu mwembamba mweusi, upana wa mita 1 hadi 2 na kimo cha mita 1, umesimamishwa wima kukatisha njia ya hewa kama uwazi mdogo au kijia cha wanyama. Chini yake panga trei zilizojaa maji ya chumvi au propileni glaikoli na tone la sabuni. Juu weka paa la plastiki. Faneli za Lindgren, yaani faneli kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, alizozieleza Staffan Lindgren mwaka 1983 kwa ajili ya mbawakawa wa magome, hutundikwa mtini na kukusanya kwa mantiki ileile. Katika jimbo la New Brunswick, Reginald Webster na wenzake walizitumia, na mwaka 2012 walichapisha rekodi nyingi mpya za jimbo za Staphylinidae zilizotokana nazo, ingawa mitego hiyo haikubuniwa kwa ajili ya familia hii.

Hapo kuna njia ya kupunguza gharama: mashirika ya kulinda misitu hutundika faneli kila mwaka kuzunguka bandari na maghala kutafuta wadudu waharibifu wa mbao. Wakishawatoa waliowahitaji, mabaki mara nyingi hutupwa. Barua moja kabla ya msimu kuanza inaweza kukupa sampuli za vituo vingi bila kutega hata mtego mmoja.

*Kinachoharibika.* Trei hujaa majani vuli na kukauka kiangazi; zikague kila wiki. Upepo huangusha kizuizi kilichofungwa kwa kamba nyepesi. Na kazi kubwa huja baadaye mezani: trei moja ya wiki moja inaweza kuwa na maelfu ya nzi na nyigu wadogo wa kuchambua kabla hujamfikia mbawakawa wako.

*Inamfaa nani.* Anayelinda milango ya kuingilia, yaani bandari, vitalu na maghala ya mbao, na anayetafuta wageni wadogo warukao mapema kabla hawajaenea.

4. Mkono, mbao za kufunika na picha

*Inamnasa nani.* Wakubwa, wanaoonekana kwa jicho, wanaojificha mchana chini ya magogo, mawe na magome yaliyolegea. Ocypus na Tasgius wamo. Usiku, kwa tochi ya kichwani, huonekana wakitembea juu ya majani.

*Inasema nini kuhusu makazi.* Mengi sana kwa kila mdudu mmoja: umemkuta chini ya gogo la mti gani, limeoza kiasi gani, udongo chini yake una unyevu gani, kuna nani mwingine humo. Kwa idadi si ya kuaminika, kwa sababu watafutaji hawalingani.

*Vifaa na kazi.* Kibano, vichupa, GPS na saa. Pima jitihada kwa muda: watu wawili, dakika 30, eneo la mita 20 kwa 20, kisha acheni hata kama mnaendelea kupata. Geuza gogo kuelekea kwako ili kilicho chini kikimbilie upande wa pili, okota, na ulirudishe lilivyokuwa, upande uleule chini. Gogo lililoachwa limepinduka hukauka, na makazi uliyokuja kuyachunguza yameisha.

Mbao za kufunika hupunguza tofauti kati ya watafutaji. Tandika vipande 10 vya mbao isiyotiwa dawa, sentimita 30 kwa 60, vikae mwezi mmoja vikigusa udongo, kisha vifunuliwe asubuhi mapema kila wiki mbili. Hakuna anayeuawa bila sababu: unahesabu, unapiga picha, unachukua wachache wa kuthibitisha, unawaachia wengine. Mshike kwa kibano. Ocypus olens akitishwa huinua fumbatio juu, hutoa harufu nzito, na taya zake hufinya ngozi.

*Kinachoharibika.* Picha. Majukwaa ya kuweka picha za viumbe, kama iNaturalist lililoanza mwaka 2008, yamesaidia sana kuonyesha mahali wageni wanapojitokeza, lakini nukta zake hukusanyika mijini na kando ya njia za matembezi, penye watu na simu. Ramani ya nukta hizo inaonyesha kwanza watu wanatembea wapi. Pia spishi za Tasgius zinafanana mno. Nyingine hutenganishwa kwa uhakika kwa kutazama kiungo cha uzazi cha dume chini ya hadubini. Picha ya mgongo, hata iwe safi namna gani, inaweza kukufikisha kwenye jenasi ikaishia hapo. Ukitaka picha ifae, piga kutoka juu, kutoka ubavuni, na ya kichwa kwa karibu, ukiweka rula kando. Kisha mweke dume mmoja kwenye alkoholi.

*Inamfaa nani.* Walimu, vikundi vya kujitolea, hifadhi zisizoruhusu mitego ya kuua, na yeyote anayetaka ziara ya haraka kabla ya kupanga kazi kubwa.

Linalozihusu zote

Lebo. Sampuli isiyo na nchi, jimbo, latitudo na longitudo, tarehe ya kutega na ya kukusanya, njia, aina ya msitu na jina la mkusanyaji haina kazi kwa atakayeitazama miaka 30 ijayo. Andika kwa penseli au wino usiofutika na alkoholi, uiweke ndani ya chupa. Lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Weka sampuli za uthibitisho katika makumbusho yanayopokea wadudu, kama Mkusanyiko wa Taifa wa Wadudu wa Kanada ulioko Ottawa au Field Museum ya Chicago. Majina ya kisayansi hubadilika, spishi moja hugawanywa kuwa mbili, na rekodi yenye mdudu wake kabatini ndiyo pekee inayoweza kuangaliwa upya.

Uchague nini, kwa hali yako

Una msimu mmoja na unataka kujua Ocypus amefika kaunti zipi: mitego ya shimo, seti ya vikombe vitano kwa kituo, na vituo vingi kuliko zamu nyingi mahali pamoja. Anza Mei, usifunge kazi kabla ya Oktoba. Wakubwa hawa wanatembea sana vuli, na mwenye kufunga Agosti huwakosa.

Unalinganisha aina za msitu, mathalani wa mimepo na wa Tsuga: mtego wa shimo pamoja na chekecheke katika vituo vilevile, na unene wa majani umepimwa kila mara. Fedha zikitosha njia moja tu, chagua chekecheke ikiwa mdudu wako ni mdogo. Ikiwa ni mkubwa, bakia na shimo, ila andika matokeo kama idadi ya waliopita, usiyaite msongamano.

Umesikia kuna mgeni karibu na bandari au kitalu lakini hujui ni spishi gani: kizuizi au faneli nje ya uzio, mbao za kufunika ndani, kwa wakati mmoja. Warukao na watembeao hawanaswi na chombo kimoja.

Uko kwenye hifadhi yenye salamanda wanaolindwa: mbao za kufunika, au vikombe vikavu visivyo na kimiminika vinavyokaguliwa kila asubuhi na kufunikwa siku ambazo hakuna wa kukagua. Vikombe vikavu vina kasoro moja ya kujulikana mapema: Ocypus aliyemo huwala wenzake kabla hujafika, kwa hiyo tia majani machache na kokoto ndani wapate pa kujificha.

Una darasa la wanafunzi 30 na siku moja: mkono. Wagawe wawili wawili, eneo na muda viwe sawa kwa wote, na kila mdudu apigwe picha pale alipopatikana kabla ya kuguswa.

Na ukitaka kutumia njia hizi Usambara, Kakamega au msitu mwingine wa Afrika Mashariki kuchunguza Staphylinidae wa huko, wenyeji au wageni, mambo matatu hubadilika. Propileni glaikoli ikiwa ghali au haipatikani, maji ya chumvi iliyokolea yanafaa kwa kunasa: gramu 360 kwa lita, koroga mpaka chumvi iache kuyeyuka, na ukusanye kila siku 7 kwa sababu hayahifadhi kwa muda mrefu na mvua huyazimua. Siafu wakipitia mstari wako watajaza vikombe vyote kwa usiku mmoja. Kikombe kilichojaa siafu kimeacha kunasa wengine, kwa hiyo kitoe kwenye siku-mtego. Na vaa glavu unapochambua majani au kumwaga trei, usijifute uso kwa mkono uliokuwa kazini: Paederus akipondwa kati ya kidole na kope, macho yatavimba kwa siku kadhaa.